Panda ya Manati Iliyoninyima Alama 10

Muhula uliopita nilipoteza alama 10 kwenye mtihani wa elimu ya anga, tena kwa swali nililokuwa na uhakika nalo kabisa. Naandika ili mnaosoma somo hili mwaka huu yasiwakute.

Tuliambiwa tulinganishe aina za galaksi. Mchoro unaotumika ni wa Edwin Hubble, wa mwaka 1936, na umekaa kama panda ya manati. Mpini ni galaksi za duaradufu, kuanzia E0 iliyo duara kama chungwa hadi E7 iliyorefuka. Matawi mawili ni galaksi zenye mikono: upande mmoja za kawaida kama Andromeda, upande wa pili zenye upau wa nyota katikati, kama hii yetu. Pale njia panda kuna zile zenye sahani lakini hazina mikono.

Basi mimi nikaandika eti galaksi huzaliwa duaradufu, halafu ikikua inaota mikono. Hubble mwenyewe aliziita za mpini "za mapema", nami nikanaswa hapo. Kumbe mchoro ule hauonyeshi umri!

Cha kuangalia ni gesi, jamani. Nyota huzaliwa kwenye gesi baridi. Galaksi zenye mikono bado zinayo, ndiyo maana mikono ina nyota changa za buluu. Za duaradufu zina kidogo sana, nyota zake nyingi ni kongwe na rangi yake inaelekea wekundu. Halafu duaradufu nyingi kubwa zimetokana na galaksi kugongana na kuungana. Yaani mshale wangu niliuchora kinyumenyume.

Zisizo na umbo maalumu hazikupata nafasi kwenye panda, na hizo ndizo nilizozijua tangu utotoni bila kujua. Nyumbani Songea, usiku wa Desemba, upande wa kusini huonekana kama kipande cha wingu kisichosogea. Ni Wingu Kubwa la Magellan, lililo umbali wa miaka ya nuru 160,000 hivi, na lina gesi tele.

Hapa Uingereza halichomozi kabisa. Ila Novemba jioni, siku isiyo na mawingu (mkibahatika), tokeni mbali na taa mtazame karibu na utosini. Kile kiukungu ni Andromeda, miaka ya nuru milioni 2.5.