Kazi ya Ndani Uarabuni: Usome Mkataba Ukiwa Bado Nyumbani

Anayekwenda Riyadh, Muscat au Doha kufanya kazi za ndani huingia kwa utaratibu wa kafala: kibali chake cha kuishi humo kimefungwa kwa mwajiri mmoja, kafili. Ukiondoka kwake bila taratibu, anaweza kuripoti kwamba umetoroka, na polisi wakakukamata wewe unayedai mishahara ya miezi mitano. Ndiyo maana tahadhari kubwa huchukuliwa kabla ya safari. Ukishafika, nafasi ya kujadiliana ni finyu mno.

Anza na wakala. Kenya, hakiki usajili wake kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania Bara, ulizia TaESA, yaani Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania. Zanzibar, Kamisheni ya Kazi. Akikwambia uingie kwa viza ya utalii "halafu tutabadilisha huko huko", achana naye. Wala usikope ili umlipe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1997, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Kwa maoni yangu, deni la safari huwafunga wengi zaidi katika nyumba mbaya kuliko kufuli la mlangoni.

Kisha mkataba wenyewe wa kazi. Dai nakala ya lugha unayoisoma, na uangalie mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko na nani atalipa tiketi ya kurudi. Hila ya zamani ni hii: unasaini mmoja hapa, ukifika unawekewa mwingine wa Kiarabu wenye mshahara pungufu. Piga picha kila ukurasa, pamoja na pasipoti na viza, umtumie ndugu yako, uongeze jina na namba ya simu ya kafili. Namba ya ndugu huyo na ya ubalozi zikariri kichwani, maana simu huweza kuchukuliwa siku ya kwanza.

Ukiwa kazini, jua kwamba sheria zipo. Saudi Arabia, kanuni zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na mapumziko ya siku moja kwa wiki, na zinamkataza mwajiri kushikilia pasipoti yako. Qatar, tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riyal 1,000 kwa mwezi, watumishi wa ndani wakiwamo. Kasoro ni kwamba mkaguzi wa kazi ni nadra kubisha hodi kwenye nyumba ya mtu. Kwa hiyo tunza ushahidi: tarehe za malipo, ujumbe wa simu, majina.

Na familia, mwenzenu akinyamaza ghafla, msikae kusubiri majibu ya wakala. Pelekeni nakala zile Wizara ya Mambo ya Nje mara moja.