Nyumba ya Kupangishwa kwa Usiku, na Hesabu Yake

Siku hizi mtu mwenye nyumba karibu na ziwa, au karibu na mahali panapopendwa na watalii, hakosi kupewa shauri hili: "Mwondoe mpangaji wako, tia vitanda vizuri, uwapangishe wageni kwa usiku. Utatajirika." Shauri hilo nimelichungua likizo nzima ya Mei, na nataka kuwaeleza niliyoyaona, kwa kuwa wengi wetu tu karibu kumaliza masomo, na huenda wazee wetu wakatuuliza, "Wewe uliyesoma hesabu, waonaje?"

Kulaza wageni kwa malipo si jambo geni kwetu. Kila tarehe 3 Juni mahujaji huja Namugongo kwa maelfu, na watu wanaokaa karibu huwapa vyumba kwa malipo. Jambo jipya ni kwamba sasa mgeni aliye Ujerumani aweza kuiona nyumba yako katika simu, akailipia, akapewa ufunguo bila ya kukuona uso. Kampuni kubwa ya kazi hii, Airbnb, ilianzia San Francisco, Marekani, mwezi wa Oktoba 2007. Vijana wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, walikuwa wameshindwa na kodi ya nyumba yao. Ukafika mkutano mkubwa, hoteli zikajaa, nao wakatandika sakafuni magodoro matatu ya kujazwa upepo, wakapata wageni watatu, kila mmoja akilipa dola 80 kwa usiku. Angalieni jambo moja: vijana wale hawakununua nyumba, wala hawakumtoa mtu. Walitumia nafasi iliyokuwa wazi katika nyumba waliyokuwa wakikaa.

Sasa nije kwetu. Baba yangu amestaafu, naye ana nyumba moja ya vyumba vitatu mjini Jinja. Mpangaji wake ni mwuguzi mwenye watoto wanne, hulipa shilingi 800,000 kila mwezi, na fedha hizo ndizo karo yangu na ya dada zangu wawili. Rafiki mmoja wa baba akamshauri atoe shilingi 12,000,000 katika kiinua mgongo chake, anunue vitanda, magodoro, friji na taa za jua, kisha aipangishe nyumba kwa shilingi 150,000 kwa usiku. "Mara thelathini," akasema, "ni 4,500,000 kwa mwezi!" Baba akaniita nifanye hesabu kabla hajaenda benki.

Kosa la hesabu ile ni dhahiri: imedhani kwamba kila usiku una mgeni. Tena imesahau gharama. Nilizigawa gharama katika mafungu mawili, kama tulivyofundishwa katika somo la biashara. Fungu la kwanza ni gharama zinazokuja na mgeni. Kampuni ya mtandao huchukua sehemu yake. Mimi niliweka 15 kwa mia, yaani 22,500. Kufua shuka na kusafisha nyumba niliweka 12,500 kwa usiku, na chai, sabuni na karatasi za chooni 5,000. Jumla ni 40,000. Kwa hiyo katika kila 150,000, kinachobaki mkononi ni 110,000.

Fungu la pili ni gharama zisizojali kama mgeni yupo au hayupo. Mtunza nyumba, 300,000 kwa mwezi. Mlinzi wa usiku, 200,000. Umeme, maji na intaneti, 250,000. Kumbukeni kwamba mpangaji wa mwezi hujilipia umeme wake mwenyewe. Matengenezo, 130,000. Jumla 880,000. Gawanya kwa 110,000, utapata 8. Maana yake usiku 8 wa kwanza wa kila mwezi baba angekuwa anawafanyia kazi dobi, mlinzi na kampuni ya umeme, yeye mwenyewe hana hata senti.

Ili apate zile 800,000 anazopewa na mwuguzi bila jasho, angehitaji usiku 16. Akipata 12, zinabaki 440,000, na dada yangu mmoja anarudi nyumbani kwa kukosa karo. Akipata 16 anabakiwa na 880,000, yaani amezidi kodi ya zamani kwa 80,000 tu. Na kwa 80,000 kwa mwezi, kuzirudisha zile 12,000,000 kungechukua miezi 150, ambayo ni miaka kumi na miwili na nusu. Magodoro yenyewe hayaishi hivyo. Akipata usiku 20, ziada ni 520,000, na fedha zake zinarudi kwa karibu miaka miwili. Basi biashara yote imesimama katikati ya 16 na 20. Usiku minne tu kwa mwezi ndiyo inayotenga kupoteza na kupata. Nilipomwonyesha baba alinyamaza, kisha akaniambia niihesabu tena. Nikaihesabu tena.

Pengine mtasema viwango hivyo nimeviweka mwenyewe. Ndivyo. Mwenye nyumba Entebbe au Kabale aweke vya kwake. Njia ya kuhesabu ni ile ile.

Tofauti ya bidhaa hii na nyingine ni kwamba haiwekwi akiba. Mwuza sukari asipouza leo atauza kesho, lakini usiku wa jana usiokuwa na mgeni hauuziki tena. Na wageni hawaji sawasawa mwaka mzima. Hujaa Krismasi na miezi ya likizo za Ulaya, tena Ijumaa na Jumamosi watu wa Kampala wakija kupumzika, maana ni kama kilomita 80 tu. Jumanne ya mvua katika Aprili, nani atakuja?

Zaidi ya hayo, mwenye nyumba hategemei nyumba yake tu. Hutegemea kile kinachowaleta wageni, na hicho si mali yake. Jinja inatufundisha vizuri jambo hili. Zamani watalii walikwenda kutazama maporomoko ya Bujagali na kushuka mto Nile kwa mashua za mpira. Bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 2012 likayafunika maporomoko yale, na wenye mashua ikawabidi kuhamia chini zaidi ya mto. Mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunika mengine. Umeme twauhitaji, silaumu. Lakini mtu aliyejenga vyumba vya kutazama maporomoko alibaki akitazama maji yaliyotulia. Kisha ikaja korona. Mwezi wa Machi 2020 uwanja wa ndege wa Entebbe ulifungwa kwa abiria, ukafunguliwa tena tarehe 1 Oktoba. Miezi sita! Mwenye mpangaji wa mwezi angalau alikuwa na mtu ndani, hata kama kodi ilichelewa.

Juu ya uangalizi wa nyumba nilimwuliza shangazi, ambaye alifanya kazi ya kutandika vyumba hotelini miaka kumi na minne. Alicheka aliposikia kwamba baba alitaka kuiangalia nyumba ya Jinja huku akikaa Mbale. Alisema kila kitanda chahitaji shuka jozi tatu: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini, kwa sababu mvua ikinyesha siku mbili shuka hazikauki na mgeni yupo mlangoni. Alisema tena kwamba mgeni husamehe nyumba ndogo, hasamehi chandarua chenye tundu wala bomba lisilo na maji. Na siku hizi asiposamehe huandika, na maandishi yake husomwa na kila anayetaka kuja baada yake. Kwa hiyo tangi la maji laja kabla ya picha za ukutani.

Yako pia mambo ya sheria. Hapa Uganda, Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 yataka nyumba za kulaza wageni ziandikishwe na kupata leseni. Asidhani mtu kwamba simu imeiondoa serikali. Na miji mikubwa imeanza kukaza kamba. New York, tangu Septemba 2023, mtu hawezi kupangisha nyumba yake nzima kwa siku zisizofika 30. Lazima mwenyewe awemo ndani, na wageni wasizidi wawili. Barcelona mwaka 2024 walitangaza kwamba leseni za nyumba 10,101 za watalii hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Sababu yao ni kwamba wenyeji wanakosa mahali pa kukaa. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mwuguzi. Ikiwa kila nyumba ya mtaa ule italaza wageni, yeye atakaa wapi, na hospitali itafanyaje? Hilo halikuwamo katika mafungu yangu mawili, na sijui kuliandika kwa tarakimu, lakini nililiweka mbele ya baba pamoja na hesabu.

Baba hakwenda benki. Mwuguzi amebaki. Uani pana chumba kimoja chenye mlango wake, kilichokuwa kikiwekwa makaa; kimepakwa chokaa, kimetiwa kitanda, meza, chandarua na tangi dogo la maji, na mwuguzi amekubali kushika ufunguo kwa malipo ya kila mgeni anayelala. Hakuna mlinzi wa pili wala mtunza nyumba wa mshahara, kwa hiyo usiku mtupu hauli kitu. Leseni imekwisha ombwa, na kikitolewa kibali tutaanza kwa shilingi 50,000 kwa usiku. Daftari la wageni ataliandika dada yangu, maana mimi nina mitihani.