Kwa nini miamala 10 ya mwisho hufunguka haraka?

Mteja amesimama kaunta, anasema ameshatuma pesa, na wewe huoni meseji. Tunakushauri ufungue miamala 10 ya mwisho, si ya mwaka mzima.

Tuseme una rekodi 5,000. Hifadhidata kama PostgreSQL ikiombwa 10 tu, haizipangi zote. Hushika 10, ikikuta iliyo mpya kuliko ile kongwe kati ya hizo, inabadilisha. Zingine inazipita tu. Na kukiwa na faharasa ya tarehe, yaani orodha iliyopangwa tayari, inasoma 10 za mwisho na kuishia hapo.

Ukiomba zote zipangwe kwa kiasi, bila faharasa ya kiasi, itabidi uzisubiri zote.

Basi ukiwa na haraka, omba chache. Na usiachilie bidhaa kabla hujaona malipo kwa simu yako mwenyewe.