Gego la Miaka Sita

Mtoto wa Thika aingiapo darasa la kwanza, yapata miaka 6, gego jipya huota nyuma ya meno ya utoto, pasipo jino lolote kung'oka. Mzazi asiyejua hulidhani ni la utoto, akaliacha lioze. Kumbe likipotea, halioti jingine.

Juu ya gego mna mifereji myembamba isiyofikiwa na mswaki. Humo mabaki ya vyakula vitamu hukaa, yakaliozesha. Daktari wa meno hulisafisha gego, hulipaka asidi ili lishike dawa, kama alivyoonyesha Michael Buonocore wa Marekani mwaka 1955, kisha huiziba mifereji kwa utomvu ugandao. Hakuna kutoboa wala maumivu.

Basi mzazi asingoje mtoto alie usiku. Ampeleke gego lingali zima, na tena yaotapo magego ya miaka 12. Wala mswaki usiachwe.