Jihadhari na simu inayokuibia usingizi

Mwanamume mmoja wa makamo alifika kliniki yangu akilalamika kuwa kichwa kimemsumbua kwa muda wa miezi miwili. Alikuwa na hakika kwamba ana uvimbe ubongoni, na alitaka nimwandikie barua akapigwe picha ya kichwa. Mgonjwa huyu ni dereva wa teksi jijini Nairobi. Wiki iliyotangulia alikuwa amesinzia kwenye usukani katika barabara ya Thika, gari likakwaruza ukingo wa barabara. Bahati njema, hakuna aliyeumia.

Nilimpima presha, nikaipata sawa. Nilimchunguza macho, shingo na mishipa ya fahamu, nisione dalili yoyote ya uvimbe. Nilipomuuliza hulala saa ngapi, alijibu, "Saa nne usiku, daktari, na huamka saa kumi na moja alfajiri." Mkewe aliyekuwa ameketi kando akadakia, "Daktari, usimsikilize. Taa huzimwa saa nne, lakini simu haizimwi hadi saa nane."

Tulipopiga hesabu, tuligundua kuwa bwana huyu alikuwa akilala saa tatu tu kwa siku. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Nilimwambia asiguse usukani hadi alale vizuri usiku tatu mfululizo. Jambo hilo lilimuuma sana, kwani gari si lake na mwenyewe hutaka pesa kila jioni.

Huenda wewe msomaji si dereva. Hata hivyo, jiulize: kitu cha mwisho ulichotazama jana usiku kabla ya kufumba macho kilikuwa nini? Na leo asubuhi, mkono wako ulitafuta nini kwanza?

Kwa nini simu hunata?

Katika miaka ya 1950, mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya kwa kutumia njiwa. Njiwa alipewa kitufe cha kudonoa ili apate chakula. Ikiwa chakula kilikuja bila mpango unaojulikana, mara kipo, mara hakipo, njiwa aliendelea kudonoa bila kupumzika, na hata chakula kilipokatizwa alichelewa sana kukata tamaa.

Simu hutunasa kwa njia iyo hiyo. Unaifungua, unapata ujumbe kutoka kwa mtu umpendaye. Unaifungua tena, hakuna kitu. Mara ya tatu unakuta kichekesho. Kwa kuwa hujui utapata nini, unarudi tena na tena. Ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ambayo hutuchochea kukitafuta kitu kabla hata hatujakipata.

Isitoshe, gazeti unalosoma lina ukurasa wa mwisho. Ukiufikia, unalikunja na kuendelea na shughuli zako. Video za simu hazina ukurasa wa mwisho. Ndiyo sababu mtu huahidi kutazama dakika tano, akashtukia ni saa saba usiku.

Matumizi au utegemezi?

Sisemi kwamba simu ni adui. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka wa 2007, simu imekuwa pochi yetu. Kwayo tunalipa nauli na karo, na kuwatumia wazazi pesa mashambani. Dereva yule hupata wateja kupitia simu. Kwa hivyo, kuishika simu kwa saa nyingi si ugonjwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limetaja uraibu wa kamari na ule wa michezo ya video. Utegemezi wa simu wenyewe haujaorodheshwa kama ugonjwa. Lakini dalili za mtu aliyezidiwa hufanana na zile tunazoziona katika uraibu mwingine. Jichunguze:

* Umejaribu kupunguza mara kadhaa ukashindwa.
* Unapata wasiwasi au hasira simu inapoisha chaji au unapoisahau nyumbani.
* Unadanganya kuhusu muda unaotumia, kama alivyofanya mgonjwa wangu.
* Kazi, masomo au ndoa yako inaumia, na bado huachi.
* Unaihisi simu ikitetemeka mfukoni ilhali haijalia.

Dalili moja isikutie hofu. Zikiwa tatu au zaidi, chukua hatua.

Madhara mwilini

Dhara kubwa zaidi ni kukosa usingizi. Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini ambayo huuandaa mwili kulala. Mwanga wa simu huichelewesha, na mabishano au habari za kutisha unazosoma huuamsha moyo ukaenda mbio. Asiyelala vya kutosha huumwa na kichwa, husahau, hukasirika upesi na husinzia mchana. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, uwezekano wa kupata shinikizo la damu, kisukari na unene wa kupindukia huongezeka.

Macho nayo hukauka na kuwasha kwa sababu mtu anayekodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida. Shingo pia huteseka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kwa mujibu wa hesabu zilizochapishwa na daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo huko Marekani mwaka wa 2014, ukikiinamisha kwa nyuzi 60, shingo hubeba mzigo unaolingana na kilo 27.

Wazazi, msiwatulize watoto kwa simu. Mwaka wa 2019, WHO ilishauri kwamba mtoto wa mwaka mmoja au chini asitazamishwe video kamwe, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Ufanye nini?

Kwanza, nunua saa ya mezani yenye kengele. Wengi husema wanalala na simu ili iwaamshe, na hapo ndipo mtego ulipo. Chaji simu yako sebuleni. Ikiwa una mgonjwa au mzazi mzee anayeweza kukupigia usiku, acha mlio wa kupigiwa pekee, na simu iwe mbali na kitanda.

Pili, iache kabisa saa moja kabla ya kulala. Tatu, zima arifa zote isipokuwa za kazi na pesa. Nne, isiletwe mezani wakati wa chakula. Tano, kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Sita, usiishike unapoendesha gari. Sheria inakataza, na ajali haingoji umalize kusoma ujumbe.

Siku za kwanza utahangaika na mkono utaitafuta simu. Vumilia. Hali hiyo si hatari, na hupungua.

Onyo: usidhani kila maumivu ya kichwa husababishwa na simu. Nenda hospitali mara moja ikiwa kichwa kimekupiga ghafla kwa nguvu usizowahi kuzihisi, au kimeandamana na kutapika, homa na shingo kukakamaa, kutoona vizuri, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Vilevile, ikiwa unakimbilia simu ili usahau huzuni, au umeingia madeni kwa sababu ya kamari ya simuni, zungumza na daktari au mshauri nasaha. Hiyo si aibu.

Mgonjwa wangu alirudi baada ya wiki tatu. Kichwa kilikuwa kimepoa bila picha wala dawa, na alikuwa amerejea barabarani. Bado anaitumia simu kutafuta wateja kutwa nzima. Usiku, alisema, mkewe ndiye huichukua na kuiweka kabatini sebuleni, kwa sababu yeye mwenyewe bado hajiamini.