Msichana wako wa kazi ana umri gani?

Mama mmoja alimleta katika kliniki yangu msichana anayemfanyia kazi za nyumbani. Msichana huyo alilalamikia maumivu ya mgongo. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, akipandisha mitungi ya maji ya lita 20 hadi orofa ya nne, kisha akimbeba mtoto hadi jioni.

Nilipomuuliza umri wake, alimtazama mwajiri wake kwanza. "Miaka kumi na minane," akajibu. Baadaye, akiwa na muuguzi, alisema ana miaka 14 na kwamba aliacha shule akiwa gredi ya saba.

"Daktari, niandikie tu barua kwamba ana miaka 18," mama huyo aliniomba. "Mimi namsaidia. Kwao hawana chochote."

Sikuiandika barua hiyo. Pengine wewe pia, msomaji, una msichana kama huyu nyumbani, au kijana katika gereji yako. Ni vyema ujue sheria inasema nini na kwa nini inasema hivyo.

Sheria yasemaje?

Katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18. Aliye chini ya miaka 13 haruhusiwi kuajiriwa kazi yoyote. Mwenye miaka 13 hadi 16 anaweza kufanya kazi nyepesi tu, ambayo haidhuru afya wala ukuaji wake, na ambayo haimzuii kwenda shule. Haruhusiwi kuhudumia mashine. Aliye na miaka 16 au 17 anaweza kuajiriwa, lakini angali mtoto mbele ya sheria na hafai kupewa kazi ya hatari.

Viwandani, mtoto haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Machimboni haruhusiwi kabisa.

Anayevunja sheria hizi anaweza kutozwa faini ya hadi Sh200,000, kufungwa jela miezi 12, au yote mawili. Mtoto akiumia au kufa kwa sababu hiyo, faini inaweza kufika Sh500,000.

Mwili wa mtoto si mwili mdogo wa mtu mzima

Mifupa ya mtoto hukua kutoka sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Sehemu hizo hazina nguvu ya mfupa uliokomaa. Mzigo mzito wa kila siku unaweza kuziumiza, na jeraha baya hapo linaweza kuuacha mfupa ukiwa mfupi au umepinda.

Mtoto pia huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Kwa hivyo moshi wa makaa katika jikoni lisilo na dirisha, au mvuke wa rangi na petroli kwenye gereji, humwingia kwa wingi zaidi.

Kuna pia usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayelala saa tano hujichoma kwa maji moto, hujikata kwa kisu, na hata kumwangusha mtoto wako.

Daktari anaweza kusaidia vipi?

Sheria humruhusu afisa wa leba kuagiza mtoto aliyeajiriwa apimwe na daktari wakati wowote. Lakini usitarajie daktari akupe tarehe ya kuzaliwa. Meno na picha za eksirei hutupa makadirio tu, ambayo yanaweza kukosea kwa mwaka mmoja au zaidi. Cheti cha kuzaliwa au rekodi za shule ndizo za kutegemewa.

Ufanye nini?

Kabla ya kumwajiri mtu, itisha cheti na uzungumze na wazazi wake moja kwa moja, si na wakala pekee. Ukigundua kwamba uliye naye ni mtoto, usimfukuze usiku wala kumwacha stendi ya basi. Mlipe alichofanyia kazi, mpeleke hospitali iwapo ameumia, kisha wasiliana na wazazi wake au afisa wa watoto. Nambari 116 hupigwa bila malipo kwa masuala ya watoto.

Na kama nia yako kweli ni kumsaidia, mnunulie sare na vitabu akiwa kwao.

Msichana niliyemtibu alirudishwa kwa wazazi wake baada ya wiki mbili. Kufikia wakati huo mgongo ulikuwa umepoa. Sikuwa nimempa dawa yoyote. Nilikuwa nimeagiza tu kwamba asibebe mitungi, na alale hadi kupambazuke.