Nairobi hadi New York: Kwa Nini Kwenda Kunachukua Muda Mrefu Kuliko Kurudi?

Tangu Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, wasafiri wengi huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Kilomita peke yake hazitoshi kupangia safari.

Umbali ni takriban kilomita 11,800. Mbona kwenda ni kama saa 15 na kurudi kama saa 14?

Ndege hukata hewa, na hewa yenyewe iko mbioni. Boeing 787 huruka kwa takriban kilomita 900 kwa saa ikilinganishwa na hewa inayoizunguka. Hewa ingetulia, saa 13 na dakika chache zingetosha, ukiacha muda wa kupaa, kutua na kutembea uwanjani. Lakini kaskazini mwa tropiki, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi hupita kilomita 150 kwa saa. Ndege iendayo New York hukabiliana nao juu ya Atlantiki. Ikirudi, husukumwa nao. Majira ya baridi ya kaskazini huuongezea nguvu, kwa hiyo muda hubadilika hata kama umbali haubadiliki.

Si kwa sababu dunia inazunguka?

Hoja hii inavutia, lakini ushahidi unaikataa. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kama ndege ingeachwa nyuma, New York ingekuwa inaifuata, na kwenda ndiko kungekuwa kwa haraka. Ratiba zinaonyesha kinyume, kwa kuwa hewa huzunguka pamoja na dunia. Isingekuwa hivyo, Nairobi ingepigwa daima na upepo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Mchango wa mzunguko ni mwingine: huupinda upepo utokao tropiki kwenda kaskazini, ukaelekea mashariki.

Lakini nikiondoka saa tano usiku nafika saa kumi na mbili asubuhi. Si saa saba tu?

Hapo ndipo wengi hukosea. Majira ya baridi, New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Majira ya joto, saa saba. Saa ya ukutani imerudishwa nyuma, mwili haukurudishwa. Anayemeza dawa kila baada ya saa nane, akifuata saa za mji anaofikia, atakosa dozi. Aketiye saa 15 bila kunyoosha miguu hujiongezea hatari ya damu kuganda. Kabla ya kukata tiketi, geuza saa ya kuondoka na ya kufika ziwe za mji mmoja, kisha toa. Jibu utakalopata ndilo la kupangia dawa, chakula na mapumziko.